Pua ya Wilf Sugden

Wilf Sugden alikuwa na utani nami tangu siku ya kwanza, na utani wenyewe ulihusu pua yake. Nikiingia kazini asubuhi kwa mlango wa nyuma wa Mwanakondoo, yeye akiwa anapanda ngazi kutoka ghala la chini na ndoo mkononi, alinitangazia nilichokula nyumbani. "Vitunguu saumu tena, Zuhura. Huyo mumeo ana moyo." Siku nyingine alitaja iliki, siku nyingine akaniambia kwamba nimebadilisha sabuni ya kufulia. Hakukosea hata mara moja. Nami nilimjibu kwamba mtu mwenye pua ya namna hiyo polisi wangemlipa vizuri kuliko sisi.

Mwanakondoo ni baa. Mimi situmii, sijaonja hata tone, lakini nimefuta meza zake na kukusanya glasi zake kwa miaka kumi na tisa, na mtu akiisema vibaya mbele yangu tutakosana. Iko katikati ya mji wetu huku Yorkshire, hatua chache kutoka stesheni ya treni. Zamani ilikuwa vyumba vitano vidogo vyenye giza. Kampuni iliyoinunua ikabomoa kuta zote, ikaweka madirisha yanayofika sakafuni, viti vya ngozi, skrini nne za kuonyesha mpira, na vyungu vikubwa vya maua ya plastiki kila kona. Ukumbi ukawa mkubwa mpaka nikaongezewa jozi ya viatu vya kazi. Siku hizi watu huagiza chakula kwa simu bila hata kunyanyuka. Kitu pekee ambacho mafundi hawakukigusa ni pampu sita za mkono pale kaunta, na waliziacha kwa sababu ya Wilf.

Bia ya pampu haifanani na ya chupa. Huletwa haijamaliza kuiva, hamira yake ingali hai ndani ya pipa, na lazima awepo mtu wa kuilea. Wilf aliilea miaka thelathini na minne. Aliyalaza mapipa, akayatoboa, akayaacha yapumue mpaka mashapo yatulie chini. Kisha kila asubuhi alichota kidogo, akakiinua kwenye taa, akanusa, akaonja. Pipa likikaa siku moja zaidi ya linavyostahili, bia huchacha, na hapo dawa yake ni kuimwaga. Hakuna mashine inayokwambia kwamba siku hiyo ndiyo leo. Wilf aliambiwa na pua yake.

Mwezi wa Januari akapigwa na mafua makali, akalala wiki mbili. Siku aliyorudi nilikuwa nimekaanga samaki kabla ya kutoka nyumbani, nguo zote zinanuka, nikapita mbele yake makusudi nikasimama kungoja maneno. Akanisalimia, akapita na ndoo yake. Nikadhani bado hajapata nguvu. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Kufika wiki ya tatu nilishajua, naye alijua kwamba najua, na hakuna aliyefungua kinywa. Alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili. Mkewe alikwisha kwenda zake Hispania na mwanamume mwingine, mtoto hakujaliwa, na alichokuwa nacho duniani ni mapipa yale na watu waliokuja kunywa kilichotoka ndani yake. Nilimwonea huruma, nikajiambia atasema mwenyewe akiwa tayari. Ilikuwa huruma ya kijinga, lakini sikuwa na nyingine.

Februari glasi zikaanza kurudi nusu. Mimi ndiye niliyezibeba, mimi ndiye niliyezimwaga, na kila nilipoinamia sinki mvuke wa siki ulinipanda puani mpaka machozi yanalengalenga.

Kwa kawaida jambo hili halina ugumu. Bia ikiwa imechacha, mnywaji huirudisha kaunta, akasema hii imeharibika, akapewa nyingine, na kibao cha jina kilichoko kwenye ile pampu kikageuzwa nyuma ili wengine wasiagize. Hakuna anayenuna. Lakini wageni wa Mwanakondoo huagiza bia ya gesi, ile baridi, hawakuwa na habari. Wenyeji, wale wa pampu, ndio waliokuwa wakinywa siki, na hao hawakurudisha glasi hata moja. Kurudisha ni kumwambia Wilf, na Wilf alikuwa amesimama pale pale mwisho wa kaunta akiwatazama wakinywa. Watu hawa watakuzungumzia mvua nusu saa nzima, lakini neno la kumuumiza rafiki haliwatoki. Basi wakawa wanapiga funda moja, wanamtolea Wilf tabasamu, na kusubiri ateremke ghalani.

Aliyezidi wote alikuwa Neville Barraclough, fundi bomba mstaafu, aliyekaa dawati moja na Wilf tangu darasa la kwanza. Neville alikuwa na kiti chake chini ya skrini ya pili, kando ya chungu cha maua. Wilf akitoweka tu ngazini, Neville anainamisha glasi, chungu kinakunywa. Tatizo ni kwamba maua ya plastiki hayanywi. Kufikia Machi kona ile ilikuwa inanuka mpaka watoto wanaokuja kula na wazazi wao wakawa wanaziba pua. Kirsty, meneja wetu, akasimama kando ya chungu kile akauliza ni nini hiki kinachonuka. Wilf alikuwa amesimama upande wake wa kuume. Akacheka, akasema yeye hasikii harufu yoyote. Kisha akaniangalia. Nikaendelea kufuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Jumatatu iliyofuata Kirsty akaniita jikoni akanieleza, na akaniomba nisimwambie mtu. Makao makuu wameona bia ya pampu hainywewi tena. Mtu wao anakuja Alhamisi saa sita mchana kuangalia mwenyewe, na asiporidhika, pampu zitang'olewa, na Wilf hatakuwa na kazi ya kufanya. Nikamuuliza kwa nini hajamwambia Wilf kwamba bia yenyewe imechacha. Akasema yeye ana mwaka mmoja tu pale na Wilf ana miaka thelathini na minne, angeanzaje? Nilitaka kumpiga na kitambaa cha meza. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ninayo kumi na tisa na sijasema vilevile.

Nikamwendea Neville kwenye kona yake inayonuka, nikamweleza yote.

"Mwambie kabla ya Alhamisi," nikamwambia. "Akijua, atatafuta mtu wa kumwonjea kila asubuhi, na mambo yataisha."

"Mwambie wewe."

"Mimi sinywi, Neville. Ataniuliza nimejuaje."

Hicho kilikuwa kisingizio, na alikitambua, lakini hakunisuta. Akazungusha glasi yake mezani. "Nilipofiwa na mke wangu Jean, huyu bwana alikuja kwangu kila siku ya Mungu, miezi minne. Hata pole hakunipa. Alikuja tu, akakaa. Leo nimwendee nimwambie kazi imemshinda?"

"Haijamshinda. Ni pua tu."

"Na kwake yeye, hivyo ni vitu viwili?"

Neville akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye ana mpango. Atawakusanya wenyeji wote Alhamisi, wajaze ukumbi, wanywe bia ya pampu mbele ya yule mtu wa makao makuu mpaka akiri kwamba inapendwa. Nikamwambia huo ni wazimu. Akasema huenda, ila mimi nina mpango gani mwingine? Ningekuwa na ujasiri, mpango ulikuwepo, tena mfupi: kushuka ngazi kumi na nne na kusema sentensi moja.

Alhamisi walifika tangu saa tano, thelathini na kitu, wengine wamevaa makoti yao ya kanisani. Wakapanga foleni mbele ya pampu. Wilf alipopanda kutoka ghalani akakuta ukumbi umejaa, wote wameshika bia yake. Alikuwa amefunga tai, maana asubuhi ile Kirsty alimwambia kwamba mgeni wa makao makuu anakuja. Sijapata kumwona na furaha ile, alikuwa akivuta pampu, akimwita kila mtu kwa jina. Mimi nilishindwa kumtazama. Nilibeba trei tupu nikawa nazunguka nayo.

Mgeni alikuwa mtu mfupi, mpole, na mkoba wake begani. Akaagiza glasi kutoka pampu ya kwanza, akaisogeza puani, akaiweka chini. Akaomba ya pampu ya pili. Akainusa, akaonja kidogo, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Hakuwa na ukali wowote.

"Samahani," akasema. "Zote mbili zimechacha."

Skrini tu ndizo zilizosikika. Wilf akaachia pampu. Alimgeukia Neville, aliyekuwa hatua mbili kutoka kaunta na glasi ambayo hajaigusa.

"Nev," akasema. "Imechacha?"

Neville akainua glasi, akainywa yote, hadi chini, bila kupumzika. Niliona koo likipanda na kushuka, niliona macho yanavyomjaa maji. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Iko sawa, ndugu yangu," akasema. "Kama siku zote."

Na wengine nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wakainua glasi zao wakapiga funda, wakatabasamu. Wilf akawaangalia wote, taratibu, safu kwa safu. Kisha akanitafuta mimi.

"Zuhura. Njoo unuse."

Nikaweka trei. Nilijua watu wote wale wananiomba kwa macho niseme uongo, na haki ya Mungu nilitamani kuusema, kwa sababu ya ile tai. Nikainamia glasi ingawa harufu ilikuwa imeshanifikia kabla sijafika.

"Ni siki, Wilf."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemtajia saa. Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Pua yangu imekufa tangu Januari," akawaambia. "Ulimi nao. Nilijua. Niliona haya kusema, hilo ni kosa langu, nimelibeba. Lakini ndiyo maana nilisimama hapa kila siku nikiwatazama. Nilikuwa nanusa kwa nyuso zenu. Nikimwona Nev anatabasamu, najiambia pipa liko sawa, naliacha siku moja zaidi." Akaachia kaunta. "Humu ndani mna pua thelathini. Yoyote ingenitosha."

Neville alikuwa anaangalia viatu vyake. Wilf akaanza upande wa kushoto, akageuza kibao cha pampu ya kwanza, akageuza cha pili, mpaka vyote sita vikawa vinatazama ukuta. Akashuka ghalani. Tulisikia bia ikimwagwa kwenye mtaro wa chini, pipa baada ya pipa, na watu wakawa wanachukua kofia zao wanatoka bila kuagana. Kirsty alisimama kaunta analia. Wiki iliyofuata mafundi walikuja kung'oa pampu, wakafunika matundu kwa bati linalong'aa.

Nilikaa na hasira muda mrefu. Niliwakasirikia wao kwa tabasamu zao, na nilijikasirikia mimi zaidi, kwa sababu wao angalau walikunywa ile siki, mimi niliimwaga tu.

Jumanne ndiyo siku yangu ya mapumziko, nikaanza kwenda kwa Wilf. Mara ya kwanza alinifungulia akasema sina haja ya kuja. Nikamwambia sijamuuliza. Nikawa namnusia vitu vya kwenye friji na kumwambia ukweli: nyama hii tupa, jibini hili bado zima, shati hilo livue. Hakufurahi, wala hakunifukuza. Neville hakumtaja, nami sikumtaja.

Mei, Jumanne moja, mlango ukagongwa. Alikuwa Neville, kofia mkononi, amekonda. Wilf akamtazama, akasogea apite. Tukakaa jikoni watu watatu. Wilf akachemsha chai. Yangu huwa ya rangi. Ya Neville akaimiminia maziwa kutoka chupa iliyokuwa nyuma kabisa ya friji, ambayo sikuwa nimeiona, na yalipoingia kikombeni yakakatika vipande, harufu ikanifikia upande wa pili wa meza. Nikafunga mdomo makusudi. Zamu hiyo haikuwa yangu.

Neville akainua kikombe. Nikaona midomo yake imeshaanza kujipanga kwa lile tabasamu. Kikombe kikasimama hewani. Kisha akakirudisha mezani.

"Wilf," akasema, "maziwa yako yameharibika."

Wilf alikuwa bado ameshika chupa. "Unasema?"

"Yameharibika. Yananuka vibaya. Siwezi kunywa hii."

Wilf akavuta kiti, akakaa mbele yake, macho kwa macho, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu Alhamisi ile.

"Sema tena," akamwambia.

Neville akasema tena.