Picha ya Rahabu Juu ya Jiwe

Kaka yangu Melkizedeki, ambaye Singida mjini wanamwita Meki Picha, aliwahi kusimamisha gari zima la abiria kwa ajili ya jiwe. Siongezi chumvi, nilikuwamo ndani ya gari hilo. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2004, mvua za kwanza zimeshanyesha, tunakwenda Mungaa kwa wakwe zake kula Krismasi. Tulipofika penye yale mawe makubwa, Meki akaanza kujikunja na kulalamika tumbo linamkata. Dereva akasimama. Meki akashuka na kamera, akakimbilia mawe, tumbo limepona. Abiria walimtukana matusi yote wanayoyajua. Mkewe Rahabu alicheka hadi machozi, amempakata binti yao Loyce, na mimi nimejifunika kanga usoni kwa aibu.

Ndivyo alivyokuwa. Alijifunza kazi miaka ya themanini kwa mzee mmoja mwenye studio karibu na soko, enzi za filamu zisizo na rangi. Alizisafisha picha mwenyewe kwenye chumba cha giza, anatoka mikono inanuka dawa, na hakuna kazi aliyoipenda kama hiyo. Halafu biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa, filamu za rangi zikauzwa hadi kwenye vibanda vya soda. Nani tena angetaka picha ya kijivu? Mtu kajinunulia mtumba wake unang'aa kama nini, halafu umtoe rangi ya majivu? Meki akafunga chumba cha giza, sisi tukahifadhi humo magunia ya alizeti. Kwa zaidi ya miaka kumi akapiga harusi na vipaimara kwa rangi, mimi nikiwa dirishani napokea wateja, na sikumwona akiitazama hata picha moja mara mbili.

Mwaka huo wa safari ndio alionunua kamera ya dijitali, na kompyuta iliyokwisha kutumika, kutoka Arusha. Aliyemuuzia alimwonyesha mahali pa kubonyeza rangi yote ikaondoka. Basi, tukampoteza. Kila safari ya familia, iwe ni kwenda ziwani Singidani Jumapili au Rungwa kwa mjomba wetu mfuga nyuki, sisi tunakula, yeye kalala kifudifudi anapiga picha kichuguu. Akirudi anakaa mbele ya kompyuta kutoa rangi na kukoleza mawingu. Rahabu akawa anawaambia majirani kwamba ameletewa mke mwenza, na mke mwenza huyo anatumia umeme. Wateja nao walikuwa wakiona shamba la alizeti alilolitundika ukutani, wanauliza kama limeungua moto.

Mimi ndiye niliyekuwa mkali. Nilimwambia, kaka, mawe hayaji studio kupiga picha. Akasema, "Dina, rangi inamfanya mtu asione." Nikamwambia aende zake.

Sasa, siku ile ya jiwe, dereva alipotishia kutuacha, Rahabu alimwacha Loyce mapajani kwangu akamfuata mumewe. Alipanda juu ya jiwe akamwita, upepo unavuta gauni lake upande mmoja, nyuma yake wingu la mvua limejaa mbingu nzima. Meki, ambaye siku zote alikuwa anatufukuza tusiingie kwenye picha zake, akampiga. Mara moja tu.

Aliifanyia kazi picha hiyo wiki nzima. Nina mdomo mchafu lakini kweli niiseme: alipomaliza, niliacha kutafuna muhindi niliokuwa nakula. Lile jiwe, lile wingu, na yule mwanamke mdogo katikati kama vile ndiye anayevizuia visigongane. Meki akaihifadhi vile vile, isiyo na rangi, juu ya ile yenye rangi. Alikuwa mgeni wa kompyuta, hakujua kuweka nakala. Yenye rangi ilikuwa imebaki kwenye kadi ya kamera tu, na kadi ikatakiwa kwa harusi ya Ikungi. Aliyeifuta ni mimi. Mnisikie vizuri, ni mimi.

Pasaka wakaipeleka Mungaa, imetiwa fremu na kioo, zawadi kwa mama mkwe wake, Mama Yustina. Nilikwenda nao. Sebuleni kwa mama yule kulikuwa na picha tatu ukutani, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa juu: ya mumewe, ya mama yake mzazi, na ya mwanawe wa kwanza aliyekufa mdogo. Zote za zamani, zote hazina rangi. Walio hai katika nyumba ile walikuwa kwenye albamu, kwa rangi, na albamu inakaa kabatini. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa hivyo, wala hakuna aliyepanga. Ni kwamba waliopigwa picha za zamani walikuwa wameshaondoka.

Mama Yustina aliishika ile fremu muda mrefu. Akasema asante, mkwe. Kisha akailaza juu ya meza, kioo kikiangalia chini, akamuuliza Rahabu, "Mwanangu, unajisikiaje mwilini?"

Rahabu akacheka, akasema yu mzima. Meki hakuona lolote. Alikuwa anatafuta mahali pa kugongea msumari.

Septemba Rahabu alishikwa na homa. Siku ya nne akafariki. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo nikisema hivyo roho inaniuma kama ni jana.

Siku ya kuanua matanga, nguo za marehemu ziligawiwa kama ilivyo desturi, na ndugu zake wakachukua sehemu yao. Meki alikaa nje muda wote, hakuangalia nani amechukua nini. Watu walipoanza kuondoka, Mama Yustina akasimama mbele yake, kamshika Loyce mkono. Akasema, "Mkwe, ulimpanga mwanangu na wafu akiwa bado anapumua. Huyu hutampanga." Mimi nilikuwa na maneno mengi, nikayamwaga yote. Nilimwita yule mama mchuro, mleta mikosi, mbele ya wazee wa kanisa. Nilidhani ninamtetea kaka yangu. Nilimfungia mlango tu, kwa sababu Loyce alipakiwa kwenye gari siku hiyo hiyo, ana miaka sita, anaangalia nyuma.

Meki alimfuata mara mbili akarudi mikono mitupu. Mara ya tatu mama akalegea kidogo. Alimwambia, "Mtoe pale ulipomweka. Mrudishie rangi zake kama alivyokuwa siku ile, nimwone. Ndipo tuongee habari za mtoto."

Alirudi mjini amechangamka, hapo ndipo panaponiuma. Aliona amepewa kazi anayoiweza. Akakaa kwenye kompyuta, akatia buluu mbinguni, akatia kahawia kwenye jiwe, uso wa mkewe akaupaka taratibu, sehemu kwa sehemu, na ukawa uso wake kweli. Kisha akaniita. "Dina, Rahabu alivaa gauni gani siku ile?"

Nilikaa na Rahabu kiti kimoja kutoka Singida. Nilikula karanga kutoka mkononi mwake. Nikasema buluu, halafu nikasema sina hakika.

"Si buluu," akasema. "Buluu ingekuwa nyeusi zaidi hapa. Kijivu hiki ni cha kijani."

"Uliza Mungaa."

"Nikamuulize mama mkwe mke wangu alivaa nini?"

Nilijua aibu anayoisema, nikarudi dirishani kwangu. Ningempiga kofi aende akaulize, ingekuwa bora. Akalitia gauni kijani, zuri sana, akapeleka CD Dodoma ikasafishwe kwa ukubwa wa fremu ile ile.

Tulikwenda Juni, wakati wa mavuno. Mimi nilikwenda kuomba radhi, na niliomba, nikapiga magoti sakafuni, na Mama Yustina akaniinua. Alikuwa amemwandaa mtoto. Niliona begi dogo mlangoni, limefungwa, na viatu vya shule juu yake. Meki naye aliliona. Akampa mama ile picha kwa mikono miwili.

Mama akaipeleka dirishani. Akaiangalia, akamwangalia Meki, akaiangalia tena. Akaita, "Loyce, mletee baba yako maji anawe."

Mtoto akaja na jagi na beseni. Alikuwa amerefuka. Akasema shikamoo baba, akapiga goti kummiminia, na Meki akawa ananawa huku anamtazama kwa furaha, anatafuta la kumwambia binti yake baada ya miezi yote ile.

"Gauni zuri," akasema. "La rangi ya chungwa. Nani kakununulia?"

Loyce akamtazama bibi yake kwanza. "Ni la mama," akasema. "Bibi amelipunguza. Ni lile la siku ya gari, ulipoumwa tumbo."

Maji yakaendelea kumwagika juu ya mikono yake mpaka jagi likaisha.

Nilitegemea Mama Yustina atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti chake, sauti imeshuka, akamwambia kama anavyozungumza na mgonjwa, "Nilidhani ulinifanyia kusudi, baba. Miezi yote nimekuchukia kwa hilo. Kumbe hukuwa unamwona." Kisha akaenda mlangoni, akatoa viatu juu ya begi, akavirudisha chumbani.

Meki hakubishana. Nilimkonyeza, nikamgusa mguu, sema neno, mtoto ni wako. Hakunisikia. Alimwomba Loyce asimame pale mlangoni penye mwanga. Kamera hakuja nayo siku hiyo. Akavuta kigoda akakaa mbele yake, akawa anamwangalia: kola, vifungo, mikono ya gauni iliyokatwa, pindo aliloshona bibi, mpaka mtoto akaanza kuona haya na kujishika gauni. Chakula kililetwa kikapoa. Saa nane gari likapiga honi barabarani, nikamshika kaka yangu bega, tukaondoka wawili.