Alikalia Dipoziti Yake, Serikali Ikamwita Mkwepa Kodi ya Nyumba

Mchi unapanda, mchi unashuka. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi mjini Matuu, na Kavutha Ngui ameshatwanga nusu debe la mahindi nyuma ya jiko la kanisa. Ananyunyiza maji kinuni, anageuza kwa mkono, anatwanga tena mpaka ganda liachane na punje. Kisha anapepeta. Punje nyeupe ndizo muthokoi utakaopikwa katika hoteli tatu za stendi. Makapi yanangojwa na wafugaji wa kuku.

"Mashine iko hapo tu kwa barabara," anasema bila kusimama. "Lakini ya mashine inapondeka. Wenye kujua chakula wanataka ya mkono."

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa. Siku nzuri inampa shilingi mia nne. Siku mbaya, anasema, anakula alichotwanga.

Leo ni Jumatano. Kufikia Jumamosi saa sita mchana anatakiwa awe amepata shilingi elfu tano za dipoziti, la sivyo chumba alichowekewa kitapewa mtu mwingine. Na chumba si chake peke yake. Dada yake mkubwa, Nzilani, aliyepooza miguu miaka sita iliyopita, yuko Katangi kwa binamu yao, juu ya godoro la kuazima, akingoja kuitwa nyumbani. Kavutha mwenyewe analala stoo ya kanisa, kati ya viti vya plastiki na magunia ya mahindi.

Hawakuwa hivi. Kwa miaka minane ndugu hawa walipanga kwenye ploti ya Mzee Ndambuki, karibu na soko, na kodi haikuchelewa hata mwezi mmoja. Mei mwaka huu mzee aliuza ploti. Aliwaita wapangaji wake kumi na wawili, akawaambia watoke mwisho wa Juni.

"Alituambia ukweli," anakumbuka Kavutha. "Akasema, 'Pesa yenu ya dipoziti sina, ilishakuwa mabati. Kalieni mwezi wa sita, tuachane tukiwa marafiki.'"

Yeyote aliyewahi kupanga chumba cha ploti analijua jambo hilo. Kukalia dipoziti ni kuishi mwezi wa mwisho bila kulipa, kwa kuwa mwenye ploti tayari anayo pesa yako. Hakuna karatasi wala ugomvi. Mnapeana mikono, unafunga godoro kwa kamba, unaondoka. Walimu wanahama hivyo, askari wanahama hivyo, na wengi wanaosoma ukurasa huu wamehama hivyo.

Julai ikaja habari njema. Kwenye baraza la chifu ilitangazwa kwamba kila anayepokea ruzuku ya serikali atalipiwa dipoziti ya nyumba, na pesa ziende moja kwa moja kwa mwenye ploti. Nzilani hupokea shilingi elfu mbili kwa mwezi kwa sababu ya ulemavu wake, zikifika. Kavutha ndiye mlezi wake aliyeandikishwa. "Nilisema, Mungu ametukumbuka," anasema.

Alizunguka ploti kumi na moja. Wengine walikataa kiti cha magurudumu, wengine walikataa kinu. "Mmoja aliniambia kinu kitapasua sakafu yake," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Sakafu yenyewe ilikuwa ya udongo."

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Mama Mbinya. Chumba hakina ngazi, bomba liko karibu, na nyuma pana nafasi ya kutwanga kuanzia saa kumi na mbili. Kodi ya mwezi wa kwanza Kavutha alikuwa nayo mkononi. Kilichobaki ni fomu.

Swali la kumi na nne liliuliza: Je, umewahi kukaa katika nyumba mwezi mzima bila kulipa kodi?

Kavutha, ambaye kila Jumapili huwafundisha watoto Amri Kumi, aliandika Ndiyo. "Si ni ukweli? Mwezi wa sita sikulipa. Nilikalia dipoziti. Nilitafuta mahali pa kueleza, hakukuwa."

Wiki mbili baadaye simu yake ilipokea ujumbe: ombi limekataliwa, mwombaji ana historia ya kutolipa kodi ya nyumba.

Hebu tutulie hapo kidogo. Mama aliyelipa miezi tisini na tano mfululizo, na wa tisini na sita akaulipa kwa pesa yake iliyokuwa mfukoni mwa mwenye ploti, ameandikwa kuwa mkwepaji. Mpango wa kuwasaidia watu kupata dipoziti haujui watu huzitumiaje dipoziti zao. Aliyetunga swali hilo ama hajawahi kupanga chumba maishani, au alishapanga akashiba akasahau. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sasa mwenye shibe amepewa hata fomu ya kumhoji mwenye njaa.

Kuna linaloudhi zaidi. Jirani mmoja wa ploti ile ile, naye mwenye ruzuku, aliyekalia dipoziti mwezi ule ule, aliandika Hapana. Alilipiwa ndani ya siku tisa. Kavutha anakataa jina lake liandikwe. "Yuko na watoto," anasema. "Shida si yeye."

Alirudi kwenye ofisi ya mpango huo hapo Matuu na Mzee Ndambuki mwenyewe, mwenye umri wa miaka sabini na minane, akitembelea fimbo. Mzee alisimama mbele ya meza akasema mama huyu hadaiwi hata shilingi. Karani, kijana mwenye heshima, aliwaletea viti.

"Mama, nakuelewa kabisa," alimwambia. "Lakini sistimu haina mahali pa kuweka hiyo." Kisha akainama, akapunguza sauti. "Chukua fomu ingine. Andika hapana. Itapita."

Kavutha alimtazama. "Na wewe, mwanangu, nyumba yako ya mwisho ulihama aje?"

Kijana aliangalia kibodi yake. "Nilikalia, mama," akasema.

Hata Nzilani angependa dada yake aandike tu. "Yeye ni kichwa ngumu tangu tukiwa wadogo," anasema kwa simu kutoka Katangi. "Mimi namwambia, andika, Mungu anajua. Huku nimechoka kuombewa maji na watoto wa watu." Kisha anaongeza: "Lakini najua hataandika."

Simu iko kwenye spika, na Kavutha amesikia. Anaacha kutwanga, anaegemeza mchi ukutani. Machozi yanamlengalenga na hayafichi.

"Inaniuma, yeye ndiye analala kwa watu," anasema. "Lakini nikiandika hapana, nimekubali kwamba nilifanya makosa. Mimi sikuiba nyumba ya mtu. Kwa nini nidanganye ndio nionekane mwaminifu?"

Mama Mbinya amemvumilia wiki tatu. "Nampenda, ni mtu safi," anasema, "lakini Jumapili siwezi kuahidi. Mimi pia niko na mkopo."

Kwa hiyo kesho Kavutha anapanda gari kwenda Machakos mjini, kwenye ofisi kuu ya mpango huo, kwa nauli ya muthokoi anaotwanga leo. Fomu mpya ameijaza tayari, imo ndani ya Biblia isikunjike. Kwenye swali la kumi na nne ameandika Ndiyo, tena kwa kalamu nyekundu.

"Nitauliza mkubwa wao kitu kimoja," anasema, akiushika mchi tena. "Ulipohama mara ya mwisho, mwezi wa mwisho ulilipa? Akisema alilipa, nitarudi Matuu nitwange. Akinyamaza, aniwekee muhuri."