Surua Haichomwi Sindano

Nilikuwa bado mtoto wa kulala kitanda kimoja na mama, hapa hapa Guangzhou, China, mdogo wangu Eliya alipotokwa na vipele. Tulipanga chumba mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya juu, kimejaa marobota ya nguo za kupeleka Mbeya. Mama alimtazama Eliya nyuma ya masikio, akamtazama kinywani, kisha akampigia bibi.

"Ni surua hiyo," bibi alisema, sauti yake ikijaa chumba. "Funga mapazia, mpe uji mwepesi. Na unisikie, mwanangu: surua haichomwi sindano. Ukimchoma, vipele vinarudi ndani, na mtoto unamkosa."

Kwetu hilo lilijulikana na kila mtu. Bibi mwenyewe alizika mtoto aliyetoka kuchomwa. Tena viza ya mama ilikuwa imekwisha, na hospitali wangetaka pasipoti kwanza. Onyo la bibi lilimkuta anatafuta sababu ya kutokwenda. Nimelielewa hili ukubwani.

Siku zilipita, homa ikazidi kupanda. Macho ya Eliya yaligandamana kwa tongotongo, akawa anahema kama aliyepandishwa mlima. Mama alipiga magoti katikati ya marobota, akaomba mpaka sauti ikamkauka.

Aliyekuja kubisha hodi alikuwa dada Nali. Kwao ni Vanuatu, visiwa vya Pasifiki. Alikuwa akisomea udaktari, akisali nasi, na Kiswahili alikiokota kwenye kwaya yetu. Kanisani walishaanza kunong'ona kwamba surua kaileta yeye, mgeni anayependa kubeba watoto wa watu. Alikuwa ameyasikia. Akaja hivyo hivyo.

Alimwekea Eliya sikio kifuani, akamgeukia mama. "Mama Neema, mapafu yameshikwa. Twende sasa hivi."

"Sindano itamuua."

Nali akaketi sakafuni.

"Kisiwani kwetu Injili ililetwa na mwalimu kutoka visiwa vya Samoa na mkewe," alisema. "Baadaye ikaja meli, ikaleta surua. Wazee wakasema homa ni moto, mgonjwa aingizwe baharini apoe. Wakaingizwa, wakafa. Waliobaki wakasema mwalimu ndiye mchawi, wakamfukuza, na yeye ndiye aliyekuwa akiwanywesha maji. Bibi wa bibi yangu alimbeba mwanawe mpaka majini, yeye mwenyewe. Alimpenda, Mama Neema. Alimpenda kama wewe unavyompenda huyu."

Mama alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Kisha akamfunga Eliya mgongoni kwa kitenge, tukashuka ngazi.

Hospitali walimpokea. Nali ndiye aliyezungumza nao Kichina, mama akimshika mkono kama mtoto. Walimwekea oksijeni, wakamchoma sindano. Mama aliitazama ikiingia kama anayetazama kisu. Kabla ya jioni, Eliya alikata roho.

"Nilikwambia mimi," bibi alisema kwenye simu, akilia. "Nilikwambia."

Kanisani hakuna aliyempa Nali mtoto wa kubeba tena. Aliendelea kuja, akikaa viti vya nyuma, akiimba nyimbo zetu kwa lafudhi yake, mpaka alipomaliza masomo akarudi kwao. Sijui kama kuna mtu aliyemuaga vizuri. Mimi nilimkumbatia kiunoni, basi.

Siku hizi mama yuko Mbeya, mimi ndiye ninayezunguka soko la Zhongda hapa Guangzhou kumnunulia vitambaa. Mpaka leo husema sindano ndiyo iliyomuua mwanawe. Mimi najua onyo la bibi lilitimia kwa sababu tulilitii. Tuliikimbia sindano mpaka ikawa haina la kufanya. Kila nikienda Mbeya kumwona, hutaka kumwambia. Kisha namtazama jinsi alivyozeeka.

Maana nikimnyang'anya ile sindano, atabaki na nini cha kulaumu? Atabaki na mikono yake mwenyewe. Basi anapoanza kusimulia, mimi humwambia pole, mama, na kusogea karibu yake.