Kinu Kitupu cha Mama Mwende

Nilipokuwa mtoto, hakuna jicho lililokuwa kali kuliko langu katika vijiji vyote vilivyo chini ya Tawa, kwetu Makueni, na anayebisha na aje tubishane. Nyoka akipita mchangani, mimi ningekuambia kama alikuwa ameshiba au ana njaa. Shule niliiachia darasa la saba, lakini macho hayafundishwi na mwalimu. Ni macho haya haya yaliyokiona kinu cha Mama Mwende, kwa hivyo nitakayosema sikusimuliwa na mtu.

Baba yangu alikuwa mchoma matofali. Mabega kama mlango. Niliwahi kumwona akichomoa tofali la moto tanuruni kwa mkono mtupu. Sawa, labda lilikuwa limepoa kidogo. Lakini kila mwaka, joto la mwezi wa tisa likianza kukausha hata mate mdomoni, kichwa kilimshika. Si kichwa cha kumeza tembe na kujilaza. Kilikaa upande mmoja, nyuma ya jicho la kushoto, na kilikuja saa ile ile, saa kumi ya jioni, watoto wa shule wakipita barabarani. Jicho hilo moja lilijaa machozi, ukope ukalegea, pua ya upande huo ikatiririka, na upande wa pili wa uso ukabaki mkavu kama wa mtu mwingine. Hakuweza kukaa wala kulala. Alilizunguka tanuru lake akiligonga kwa paji la uso, mwanaume mzima akilia kama ndama, mpaka jua likaribie kuzama. Kisha maumivu yaliondoka yenyewe, baba akanawa uso, akaitisha chai.

Zahanati walimpa tembe, kanisani wakamwekea mikono. Kichwa hakikujali. Kesho yake saa kumi, kimefika.

Susu yangu, yaani nyanya, mamake baba, alikuwa na maneno yake.

"Ugonjwa hauna saa," alisema. "Malaria inakuja ikitaka. Tumbo linauma likitaka. Mwenye kuangalia saa ni mtu. Kuna mtu anamfanyia mwanangu kazi, na kazi yenyewe anaianza saa kumi."

Hata leo sijasikia hoja nzuri kuliko hiyo. Jaribu kuijibu uone.

Basi tukaanza kuwachunguza majirani. Nani ana shughuli saa kumi? Mwalimu aliyegonga kengele ya kufunga shule alisalimiwa kwa ubaridi siku nyingi, maskini, bila kujua amekosa nini. Jirani aliyerudisha mbuzi wakati huo akaulizwa na susu kwa nini hawarudishi mapema kama watu wengine. Halafu siku moja susu akainua kidole.

"Nyamazeni. Mnasikia?"

Tukasikia. Ng'ambo ya ua wa miti ya manyara, kwa Mama Mwende, mchi ulikuwa ukipiga kinu. Tu. Tu. Tu. Na baba akizunguka tanuru, mkono kwenye jicho.

Huyu Mama Mwende alikuwa mgeni. Mumewe, utingo wa lori, alimtoa kwao Tulia, Kitui, akamjengea nyumba karibu nasi, akarudi barabarani. Kati ya watoto wake wawili, Mwende ndiye niliyecheza naye kila siku. Sasa, sisi wa Makueni tuna mdomo kuhusu watu wa Kitui. Mkitui akimwangalia kuku wako, na kuku akafa, hakuna anayeuliza kuku alikula nini. Mimi mwenyewe nimeolewa huko, kwa hivyo najua wao pia wanavyotusema.

Mama yangu alijaribu kumtetea. "Lakini susu, mwaka juzi Mama Mwende hakuwa hapa, na kichwa kilikuja."

"Mwaka juzi alikuwa akijaribu kutoka mbali," susu akajibu.

Kesho yake nikamwuliza Mwende, "Mamako hutwanga nini kila jioni?"

"Muthokoi."

Jibu zuri. Muthokoi ndicho chakula chetu, mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka. Lakini alijibu haraka mno, na muthokoi wa nyumba ya watu watatu hautwangwi kila siku ya Mungu. Saa kumi ilipofika nikapenya uani kwa tumbo, utomvu wa manyara ukiniwasha mikono, nikachungulia. Mama Mwende alikuwa nyuma ya jiko. Alikuwa amejifunga leso mpaka ikamfunika nusu ya uso. Alitwanga kwa nguvu zote, mdomo wazi, kama mtu anayemuua nyoka. Na ndani ya kinu hakukuwa na kitu.

Nilikimbia kama moto.

"Susu! Kinu ni kitupu!"

"Kitupu?"

"Hata punje moja hakuna. Na amejificha uso!"

Susu aliketi chini taratibu. "Basi si mahindi anayotwanga," akasema. "Ni kichwa cha mwanangu."

Habari ikatoka kwetu, ikazunguka kijiji kabla chungu hakijachemka. Watu wakaacha kununua mayai ya Mama Mwende. Kisimani wanawake wakamwachia nafasi, ile nafasi isiyo ya heshima. Mwende akakatazwa kuja kwetu, au mimi nikakatazwa kwenda kwao, sijui nani alianza. Kisha susu akafunga safari kwa Mzee Muli, mkubwa wa wazee wa ukoo, na wakakubaliana hivi: wazee waje kwetu Jumamosi jioni, wasikilize kwa masikio yao. Mchi na kichwa vikienda pamoja, Mama Mwende afungashe watoto arudi Tulia, na nyumba yake ibomolewe. Huko kwingine, sote tulijua, hawakungoja hata mtu afungashe. Walileta kiberiti.

Baba aliposikia, alisema tu, "Mama, mimi sijamshtaki mtu."

"Wewe ni mgonjwa," susu akasema. "Mgonjwa haulizwi."

Mimi nikaona Jumamosi ni mbali na wazee wanatembea polepole. Kama mchi ndio unaompiga baba, dawa si mkutano, dawa ni kuuondoa mchi. Wazee wote wa ukoo, na ndevu zao, hakuna aliyewaza hilo! Niliwaza mimi. Kwa bahati mbaya nafasi ilipatikana hiyo hiyo Jumamosi asubuhi, Mama Mwende na watoto walipokwenda kisimani. Niliingia, nikaubeba mchi begani, ulikuwa mrefu kunishinda, nikausukuma ndani ya tanuru la baba nyuma ya matofali mabichi. Kisha nikakaa kivulini, natafuna muwa, nikingoja baba apone.

Wazee walikuja, wakaketi, wakapewa chai. Ikafika saa kumi. Watoto wa jirani wakanyamazishwa. Hakuna aliyekunywa. Ng'ambo ya ua, kimya.

"Ameonywa," susu akasema, akimtazama mama yangu.

Na hapo hapo nikaona kidevu cha baba kikiinuka. Mkono ukaenda kwenye jicho la kushoto. Machozi yakaanza. Alisimama, akaanza kuzunguka tanuru, na mimi nikautema muwa, kwa sababu mchi ulikuwa humo ndani na haukuwa ukimpiga mtu.

Mzee Muli alitazama ua, akamtazama baba. "Mchi hatujausikia," akasema.

"Anatwanga polepole," susu akasema.

Hakumaliza vizuri. Manyara yalivunjika, kra!, na Mama Mwende akatokea katikati ya ua, leso imeanguka, mikono imechubuka, kiganja kimeziba jicho la kulia. Wazee hakuwaona kabisa.

"Nani amechukua mchi wangu?" alilia. "Nirudishieni mchi wangu, jamani, nitakufa!"

Akaukumbatia mwimo wa zizi la ng'ombe, akaanza kuupiga kwa paji la uso. Tu. Tu. Tu. Mlio ule ule. Wazee walisimama na bakora zao. Mmoja akasema neno la Kikamba ambalo haliandikwi.

Lakini baba alikuwa ameacha kuzunguka. Alimkaribia, akauondoa ule mkono usoni kwake, akatazama. Ukope umelegea. Chozi upande mmoja. Pua upande mmoja.

"Mama Mwende," akasema. "Ni upande gani?"

"Kulia."

"Mimi kushoto. Kulala huwezi?"

"Nikilala ni kama napigiliwa msumari wa moto."

"Usilale. Wala usipige mti, utapasuka. Tembea. Njoo tutembee."

Wakatembea. Mbele ya wazee wa ukoo, mshtaki na mshtakiwa, kama tungewaita hivyo, walilizunguka lile tanuru, wakiguna, wakilaani, mara mmoja anamshika mwenzake bega, mara anamsukuma. Jua liliposhuka, Mama Mwende akatulia kwanza, kisha baba. Mama yangu akawapa maji ya kunawa, wote wawili kwenye karai moja.

Ndipo Mama Mwende akawaona wazee, akajua wamekujia nini.

"Kwetu Tulia nilipolia walisema nina pepo," alisema, macho chini. "Walinifungia ndani kwa moshi mpaka nikazirai. Nilipokuja huku nikaona heri nitwange. Mtu akisikia mchi anasema, huyu mama ana bidii. Akisikia kilio, anatafuta kiberiti."

Susu hakukubali kushindwa. "Uchawi wake umemrudia," akasema.

"Mama," Mzee Muli akamwambia, "uchawi uliomrudia mwenyewe ungekuwa umemwacha mwanao. Mwanao bado ana machozi." Akachukua chai yake iliyopoa, akainywa yote. "Hakuna mtu wa kwenda Tulia. Lakini tutaendelea kusikiliza."

Mchi niliurudisha kwa njia yangu, usiniulize.

Kuanzia hapo kila saa kumi Mama Mwende alikuja tanuruni. Yeye alimletea baba dawa ya kwao: pilipili iliyosagwa, kidogo tu kwenye ncha ya kidole, ikatiwa pua ya upande unaouma. Siku ya kwanza baba alipiga ukelele ng'ombe wakavunja zizi, halafu akasimama, akapepesa macho, akasema, "Yale maumivu yamekimbia haya." Naye baba akampa dawa ya kwetu, udongo mbichi wa matofali, baridi kutoka shimoni, akandikwe kichwani kama kofia. Ungewaona, ungesema susu alikuwa sahihi, hawa ni wachawi wawili.

Na kijiji kilipokosa mchawi kilitafuta jambo jingine. Mwanaume na mke wa utingo, kila jioni, saa ile ile? Uchawi ukaisha, umbea ukaanza. Mama yangu hakugombana na mtu. Alibeba kigoda chake na kunde zake, akawa anaketi pale tanuruni akichambua, jicho moja kwenye kunde na jingine kwa mumewe. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningeketi karibu zaidi.

Mvua ikanyesha, vichwa vikaondoka. Mama Mwende akasema ni pilipili. Baba akasema ni udongo. Pasta akasema ni maombi. Susu akasema ni vile mchi uliibwa na malaika. Lakini mimi nilikumbuka kwamba vichwa hivyo viliondoka na mvua kila mwaka, dawa iwepo, isiwepo. Nikanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu.

Ugonjwa wenyewe nimeurithi, nilipovuka miaka thelathini, na unanishika kushoto kama baba. Daktari aliniambia ni maradhi yanayojulikana, yana jina lake, na sifa yake moja ni kufuata saa. Nikamwambia, "Susu yangu aliyasema hayo kabla hujazaliwa." Daktari huyo alinipa hewa ya mtungi niivute kwa kifuniko cha uso, na hiyo, sikufichi, inasaidia, ila mtungi haupatikani kila mahali ninapokamatwa. Siku hizi tuko na kikundi kwenye simu, sisi wa vichwa hivi: kuna wa Tulia, kuna muuza vitunguu wa Kambu, kuna kijana aliyeacha kazi kwa ajili ya maumivu haya. Kila wiki anatokea mtu na bangili ya shaba, na uyoga, na asali iliyochanganywa na sijui nini. Nawashuku wote. Namwuliza kila mmoja, mvua ilikuwa imenyesha ulipopona, au bado? Wengine wamenichukia. Lakini mtu akiandika tu "imeanza," hata niwe na unga mikononi, naacha, namjibu.

Na nikiwasimulia habari ya Mama Mwende, wananisifu kwa kuiba mchi. Nazipokea sifa, mimi si mtu wa kurudisha zawadi. Lakini kuna jambo ambalo huwa siliweki kwenye simulizi. Baba hakushikwa kila siku. Zilikuwako jioni, chache, ambazo kichwa kilimruka bila sababu, naye akanywa chai yake kwa amani. Kama Jumamosi ile ingekuwa mojawapo, mchi ungekaa kimya tanuruni, baba angekaa salama, na Mama Mwende angevumilia ndani kwake, ameuma leso, kwa kuogopa sauti za wazee. Mchi kimya, kichwa kimya: Mzee Muli asingehitaji ushahidi mwingine. Na mimi leo ningekuwa nimekaa hapa hapa, kwa sauti hii hii ya majigambo, nikiwasimulia jinsi nilivyomkamata mchawi wa Kitui nikiwa mtoto mdogo, na ninyi mngeniamini.