Kuku Walivyokula Nyigu Wetu

Ilianza Jumapili saa kumi jioni, zamu yangu ya kulinda kasha la klabu ya sayansi. Tulikuwa tumechanganya nyigu wadogo wa Mbeere, waliozoea joto, na wa hapa Kianjokoma, waliozoea baridi, wazae watoto wa kuua viwavi wa mahindi kotekote.

Nikakuta viwavi tuliowaweka kwenye kasha pamoja na nyigu wamekufa, wamejaa vitu vyeupe kama mchele. Nikajua wameoza. Nyumbani kiwavi hutupiwa kuku, basi nikawarushia kuku wa mpishi wa shule, nikaosha kasha likang'aa. Nikajisifu!

Jana mwalimu akawafungulia kasha wageni wa mashindano ya sayansi.

"Nani ameosha hapa?"

Mimi, ambaye hata kuitikia jina hunishinda, nikanong'ona, "Ni mimi, mwalimu. Walikuwa wameoza, nikapatia kuku."

"Wanja! Hivyo vyeupe ndio nyigu wenyewe! Mama zao hutaga mayai ndani ya viwavi!"

Darasa likawika, "Kokoriko!" Mwalimu hakucheka. Alisema tu, "Wazazi wao bado wako kwa chupa, wanaweza kutaga tena. Tunachokosa ni viwavi."

Leo asubuhi nimepasua mabua ya mahindi ya baba mpaka mkebe ukajaa viwavi. Kuku wa mama wakanifuata hadi getini. Nimeukumbatia mkebe, nikakimbia shuleni.