Misa ya kushukuru juu ya Paluku

Leo padri ameshukuru Mungu juu ya mutu mwenye mimi nilimutunga.

Paluku ni wa mu kitabu yangu. Batu ya bunduki banamukamata ku shamba, kisha anarudia nyumbani muzima. Niliandika vile juu ya kutia batu moyo, basi.

Lakini mama yangu alisoma, akazani ni kweli, akalia, akaenda kuombesha misa ku paroisse bila kuniambia!

Kisha misa, mama moja wa Oicha akatufwata mupaka nyumbani. Bwana yake alikamatwa mu shamba ya kakao.

« Paluku eko wapi? Anielezee tu kama alimuona bwana yangu kule. »

Mama yangu amekimbilia ku jikoni, eti anapika chai.

Bandugu, mungemujibu nini?

Ule mama wa Oicha angali anaikala mu salon yetu. Anamungojea Paluku.