Faili Lililokwama Mahagi

Hasira zangu ziko karibu, na kazi yangu haizitulizi. Ninatunza kompyuta za shirika dogo la afya hapa Bunia. Kompyuta kubwa, yenye folda ambayo zahanati zetu zote huifungua kwa mbali, inakaa ndani ya kabati la ofisi, kati ya katoni za glavu na feni mbovu. Mtandao, rezo kama tunavyouita hapa, ukiwa mzito, watu hunitazama mimi kana kwamba nimeukalia.

Wiki ile muuguzi wetu wa Mahagi alikuwa akituma faili la binti yake. Mtoto alikuwa na miaka tisa na tundu kwenye moyo. Kamati ya madaktari Kinshasa ilikuwa ikichagua watoto wa kupelekwa nje kupasuliwa, mwisho wa kupokea mafaili ukiwa Ijumaa saa sita mchana. La kwake lilipaswa kupitia kwangu. Alikuwa ameskani kila ukurasa kwa rangi, maana kwetu karatasi isiyo na mhuri si karatasi.

Jumatano faili lilipanda hadi karibu na mwisho, likakatika. Kompyuta ikaandika kwa Kifaransa, kwa adabu zake zote, kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Na likikatika haliendelei pale lilipoishia, linaanza upya.

"Kaka, nilisha kutuma mara ine," muuguzi aliniambia kwa simu. "Inapanda, inapanda, kisha inakata."

"Tuma tena, mama. Miye niko naangalia."

Nikaiongezea kompyuta muda wa kusubiri. Nikazunguka ofisini kuzima simu za wenzangu zilizokuwa zikivuta video kwa mtandao wa kazi. Mhasibu akaninunia hadi jioni. Alhamisi nikamwelekeza muuguzi aligawe faili vipande vitatu. Viwili vikafika, cha tatu kikakatika kila tulipojaribu. Akauliza kama apande pikipiki alete karatasi mwenyewe. Nikakataa. Habari za barabara zilikuwa mbaya wiki ile, hilo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba sikutaka mashine inishinde.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimechoka kabisa. Nikamwambia askani karatasi zote upya, nyeusi na nyeupe, ziwe nyepesi. Faili likapita kwa dakika chache. Nilipiga meza kwa furaha, nikalituma Kinshasa saa tano. Nilipompa habari alipiga vigelegele pale pale zahanati, nikasikia wagonjwa wake wakicheka.

Saa saba jibu likaja, mstari mmoja tu: mhuri mweusi ni fotokopi, faili halipokelewi, muda umepita.

Maisha yangu yote nimeishi na makaratasi ya nchi hii. Nilijua mhuri lazima uonekane kwa rangi yake. Mimi mwenyewe nimewahi kufukuzwa kwenye dirisha la ofisi ya serikali kwa kosa hilohilo. Nilijua, nikasahau, kwa kuwa nilikuwa napigana na mashine. Nikaandika kuomba wanihurumie. Hakuna aliyejibu.

Jumatatu muuguzi alipiga simu.

"Kaka, walisema nini?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Nikaumeza.

"Faili ilichelewa, mama. Rezo."

Nikasikia mtu akimwita aje kwa mgonjwa, naye hakuitika.

"Si kosa yako," akasema mwishowe. "Weye ulipigana sana. Rezo ikikataa, siye tutafanya nini?"

Nikasema ndiyo, mama, tutafanya nini. Niliona aibu, na bado sikumwambia.

Kamati haijaita watoto wengine tangu hapo. Binti sasa anabebwa kwenda shule, akichoka anarudishwa. Na mama yake, wenzake wa zahanati wananiambia, kila Jumapili husimama kanisani kuniombea mimi, ndugu wa Bunia aliyemhangaikia mtoto wake.